Marashi, Farasi wa Harusi

Mtibu mguu na aulize tumbo. Ndivyo nilivyosema jana kwenye mkutano wa mtaa, na nyinyi vijana mliokaa nyuma mkacheka kana kwamba bibi yenu amechanganyikiwa. Mwenyekiti alikuwa akijipiga kifua kwamba barabara kuu haituami maji tena. Ni kweli haituami, kwa sababu maji yote ameyaelekeza kwenye nyumba za bondeni, na watu wa bondeni sasa wanalala juu ya meza. Nikamjibu kwa methali hiyo, nikakaa. Ndipo mkanifuata hadi hapa mkiniuliza mguu wa nani na tumbo la nani.

Basi kaeni. Mguu ulikuwa wa farasi, na tumbo lilikuwa la farasi huyo huyo. Asili ya methali hii naijua kwa sababu nilikuwepo, na kama mtaona naieleza kwa hasira, msinishangae. Imepita miaka mingi na hasira yangu haijaisha.

Hapa Tanga palikuwa na mtu akiitwa Bwana Mahfudhi. Kazi yake ilikuwa kukodisha vitu vya harusi: maturubai, viti, masufuria ya pilau, mazulia, na farasi mmoja mweupe aliyeitwa Marashi. Farasi huyo alitoka shamba la mkonge, ambako meneja alikuwa akimpanda kukagua mashamba. Shamba lilipofungwa, Bwana Mahfudhi akamnunua pamoja na tandiko lake, akamchukua na saisi wake, yaani mtunzaji wake. Saisi huyo ndiye babu yenu, marehemu Mbwana, mume wangu. Yeye alimlea Marashi tangu mnyama yule ana meno ya utoto. Mimi kazi yangu ilikuwa kukata majani, kuchota maji na kufagia banda.

Miaka ile ilizuka desturi hapa mjini. Bwana harusi akishaozeshwa msikitini, alipandishwa juu ya farasi mweupe akapelekwa nyumbani kwa bibi harusi, matarumbeta mbele, vigelegele nyuma. Asiyepanda farasi alionekana ameoa kwa siri. Na farasi alikuwa mmoja tu, kwa hiyo mtu alitafuta kwanza siku ya Marashi, kisha ndipo akapanga siku ya harusi.

Sasa, farasi ni mnyama, na anayekula hutoa. Siku moja tulikuwa kwenye harusi ya mtoto wa muuza vitambaa. Mashangazi wa bibi harusi walikuwa wametandika kanga mpya kutoka barabarani hadi mlangoni, bwana harusi azikanyage akishuka. Marashi akafika, akasimama vizuri kama alivyofundishwa, akainua mkia, akazichafua kanga zote za mwanzo. Tarumbeta moja likakatika katikati kwa kicheko. Wanawake wakaangua vicheko. Mama wa bwana harusi akalia kwamba ni nuksi, mtoto wake hatadumu na ndoa ile. Nyinyi mnacheka, lakini Bwana Mahfudhi hakucheka siku ile.

Kesho yake akaja bandani, akatoa amri. Kuanzia siku ile, farasi akiwa na harusi, tangu adhuhuri ya siku iliyotangulia asiguse jani. Tumbo likiwa tupu, hakutakuwa na aibu.

"Farasi wa harusi hufunga," akasema, akacheka peke yake.

Mbwana alimwambia kwamba farasi hakuumbwa kukaa bila kutafuna. Hakusikilizwa. Harusi wakati huo zilikuwa mbili au tatu kwa mwezi, tukajiambia tuvumilie, siku moja itapita. Niwaambie ukweli: mkono uliotoa majani horini ni huu mnaouona. Niliamriwa, nikatoa.

Ikaja Ramadhani, na Ramadhani hakuna harusi. Marashi alipumzika mwezi mzima, akanenepa, manyoya yakang'aa. Lakini mnajua Mfunguo Mosi unavyokuwa. Waliosubiri mwezi mzima wote wanataka kuoa wiki moja. Siku ya Idi pili Bwana Mahfudhi akamleta fundi wa vyuma amtie Marashi vyuma vipya vya kwato. Siku mbili baadaye, Mbwana akimtembeza uani, akamwona anauhurumia mguu wa mbele wa kulia. Anaukanyaga kwa hofu, kama mtu aliyechomwa mwiba.

Akaenda kwa tajiri wake siku hiyo hiyo.

"Bwana, farasi anachechemea. Naomba fundi aje aking'oe kile chuma tutazame ndani ya kwato. Pengine msumari umegusa nyama. Apumzike wiki tatu au nne."

"Wiki nne!" Bwana Mahfudhi akasema. "Mbwana, unajua ni mwezi gani huu?"

"Najua, Bwana."

"Basi usinitajie wiki nne."

Ijumaa akaja na mfuko wa vipakiti vya unga mweupe. Alipewa na jamaa yake aliyewahi kufanya kazi Uarabuni kwenye mashindano ya farasi. Ulikuwa unga wa kutuliza maumivu. Kimoja asubuhi na kimoja jioni, achanganyiwe na asali alambe. Mbwana akauliza ni kwa siku ngapi. Akajibiwa, "Mpaka harusi ziishe."

Na dawa ile ilifanya kazi, wajukuu zangu. Siku ya tatu Marashi alitembea kama hajawahi kuumwa. Bwana Mahfudhi akawaita hata wapita njia waje watazame.

"Mmeona? Amepona!"

"Hajapona, Bwana," Mbwana akasema. "Amenyamazishwa."

"Kwani mimi nakodisha farasi anayesema?"

Watu wakacheka. Babu yenu alikuwa mpole kupita kiasi, na kwa hili simsamehe hata akiwa kaburini: aliinamisha kichwa, akachukua asali, akaendelea kumlambisha. Kila siku asubuhi na jioni, kwa mkono wake mwenyewe, akijua. Nilipomuuliza, aliniambia akikataa ataletwa saisi mwingine asiyempenda Marashi, na hali itakuwa mbaya zaidi. Labda ni kweli. Waoga wote husema hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Harusi zikaanza. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Sasa hesabuni wenyewe. Harusi ikiwa Alhamisi, mnyama anaanza kufungishwa Jumatano adhuhuri. Jioni akirudi anapewa konzi mbili za majani, maana kesho kuna harusi nyingine na tumbo lisijae. Hivyo hivyo mpaka Jumapili jioni. Anakula kama farasi siku mbili na nusu tu kwa wiki, na tumbo lile lile tupu linatiwa unga asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu anayefunga Ramadhani hufuturu magharibi, akala daku. Marashi hakuwa na daku.

Mfagia banda huona mambo ambayo mwenye farasi haoni. Mavi ya farasi mzima ni mabonge, yameshikana, hayana harufu kali. Ya Marashi yakaanza kulegea, kisha yakawa kama uji. Nikamsikia akisaga meno hali hatafuni kitu. Alikuwa akipiga miayo mfululizo, akigeuza shingo kutazama ubavu wake. Siku anazoruhusiwa kula, alikuwa akikimbilia pumba, akala konzi moja, akaacha, akasimama mbali na hori. Na mnyama yule ambaye watoto walikuwa wakipita chini ya tumbo lake, siku moja Mbwana alipomkaza mkanda wa tandiko, alimgeukia akamng'ata bega.

Nikamwambia Mbwana, "Huyu sasa anaumwa tumbo. Kamwambie tajiri wako."

Akaenda. Na hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa hasa. Bwana Mahfudhi alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama juu chini, akasema, "Farasi anakonda kwa sababu pumba zake zinaibiwa. Na ufunguo wa ghala unao wewe."

Hakusema hayo ndani. Aliyasema barazani, palipokuwa na wanywa kahawa wote wa mtaa, mbele ya watu walioswali safu moja na babu yenu kwa miaka kumi na miwili. Akanyoosha mkono, akadai ufunguo, akautia mfukoni. Tangu siku hiyo akawa anapima pumba mwenyewe, na akipima anapunguza.

Mnajua mji huu. Neno lilifika sokoni kabla yangu. Nilikwenda kununua dagaa, na muuza dagaa, mwanamke niliyemshika mkono siku anajifungua, akaniuliza kwa sauti wenzake wasikie, "Mwanatumu, pumba za farasi zinaliwa na mchuzi gani?" Wakacheka. Nikaacha kikapu pale pale, nikarudi nyumbani nalia njia nzima. Mbwana akaacha kwenda kunywa kahawa. Msikitini akawa anaingia mwisho na kutoka kwanza. Mtu ambaye hajawahi kuchukua hata kamba ya tajiri wake akawa anatembea amejibanza ukutani kama mwizi kweli.

Wiki ya tano ikafika. Alhamisi ile harusi ilikuwa ya mpwa wa Bwana Mahfudhi, mtoto wa dada yake mwenyewe. Asubuhi nilipoleta maji nikamkuta Marashi amelala ubavu, jasho linamtoka ilhali kuna baridi. Aliinuka, akaparua ardhi, akalitazama tumbo lake, akalala tena. Mbwana alikuwa amemshika hatamu akimwomba ainuke kama mtu anavyomwomba mgonjwa wake. Niliweka ndoo chini. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilifunga kanga yangu kiunoni nikaenda moja kwa moja ofisi ya mifugo.

Daktari wa mifugo wakati huo alikuwa binti wa Kipare, Daktari Nakijwa, mwembamba, mwenye maneno machache. Nilimweleza. Akanitazama, akauliza swali moja tu: "Bado anasimama?" Nikasema anasimama na kulala. Akaniambia nitangulie, anakuja na pikipiki.

Nilipofika, Bwana Mahfudhi alikuwa ameshafika, kanzu ya harusi mwilini, na nyuma yake vijana wa bwana harusi na mashada ya asumini ya kumvisha farasi, na wapiga matarumbeta wawili. Mkononi ana vipakiti vinne.

"Mbwana, mlambishe vyote vinne. Mpaka alasiri atakuwa amesimama."

Nikapita katikati yao nikasimama kwenye mlango wa banda, mikono huku na huku.

"Hapewi," nikasema.

"Mama Rukia, ondoka hapo."

"Siondoki."

"Tabia gani hii, Mbwana? Mkeo ananizuia kuingia kwenye banda langu?"

Nikamwona babu yenu anainua kichwa. Akaiacha hatamu, akaja akasimama nyuma yangu. 

"Banda ni lako," nikamwambia Bwana Mahfudhi, "na farasi ni wako. Lakini nani anafagia humu? Wewe umemwona akipita njiani amevikwa maua. Mimi nimeona kinachotoka tumboni mwake kila siku kwa wiki tano. Umemnyima chakula ili asikuaibishe, ukampa dawa ili asikucheleweshe, kisha mume wangu ukamwita mwizi. Leo hapewi. Nipige kama unataka, watu hawa hapa washuhudie."

Msidhani sikuogopa. Lakini pikipiki ikasikika, na Daktari Nakijwa akaingia na mkoba wake. Akamwamkia Mbwana kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

Akaweka sikio ubavuni mwa Marashi, akasikiliza upande huu na upande ule. Akaifunua midomo akatazama fizi. Akavuta ngozi ya shingo, ikachelewa kurudi.

"Amekula nini tangu jana?"

"Tangu jana adhuhuri hajala kitu," Mbwana akajibu. "Ana harusi."

"Ana harusi?" Daktari akarudia. Mbwana akamweleza desturi yote ya kufungishwa. Kisha daktari akauliza habari ya dawa.

"Kipakiti asubuhi, kipakiti jioni."

"Siku ngapi?"

"Wiki tano."

Daktari Nakijwa akakaa juu ya ndoo yangu.  Alipoanza kusema, alisema polepole, na hakuwa akimtazama Mbwana.

"Tumbo la farasi hutoa maji makali usiku na mchana, awe amekula au hajala. Ndiyo maana ameumbwa atafune kutwa. Majani na mate yake ndiyo yanayoyapoza yale maji. Ukimwacha mtupu, yanamla ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Na dawa hii siyo sumu. Hata mimi ningempa. Ningempa kidogo, siku chache, majani yakiwa tumboni, maji mbele yake, na mguu umepumzishwa. Lakini dawa hii inapotuliza maumivu, huondoa na ile kinga ya tumbo. Nyinyi mmevua kinga, mkamwaga ukali, wiki tano. Ana vidonda vya tumbo, na huko chini utumbo nao umeungua."

"Lakini mguu umepona!" Bwana Mahfudhi akasema. "Watu wote ni mashahidi. Jumapili ametembea kutoka msikitini mpaka mtaa wa pili!"

Daktari akainama. Akauinua mguu wa mbele wa kulia, akaugonga ukwato kwa nyundo ndogo. Marashi akautoa mguu kwa nguvu. Daktari akaking'oa kile chuma, akatoa kisu cha kwato, akafuata tundu la msumari mmoja, akachimba kidogo. Usaha mweusi ukatoka, unanuka, ukamwagika juu ya majani makavu. Mmoja wa wapiga matarumbeta akageuka akatoka nje.

"Huu ndio mguu uliopona?" Daktari akauliza.

Fikirini, wajukuu zangu. Siku ya kwanza ingekuwa kazi ya asubuhi moja, kuking'oa chuma na kuosha. Kwa kuwa mnyama alinyamazishwa, hakuna aliyeutazama mguu, ukaoza ndani kwa ndani, na tumbo likaoza likilipa gharama ya ule ukimya. Na mtu yule, kanzu yake nyeupe, bado alikuwa akitazama saa.

"Bwana," Daktari akamwambia, "ukitibu mguu, uliza na tumbo. Na ufunguo wa ghala uko wapi? Nataka pumba nimlowekee."

Bwana Mahfudhi akatia mkono mfukoni kabla hajafikiri, akautoa. Watu wote wakauona ule ufunguo. Wiki mbili ulikuwa kwake, na wiki mbili hizo ndizo farasi alizokonda kuliko zote. Nikatazama nyuso za wale vijana, nikaona wanaelewa mmoja mmoja. Yeye akautupia mkononi mwa daktari, akatoka. Mpwa wake alikwenda kwa bibi harusi kwa miguu yake mwenyewe. Wamezaa watoto saba.

Sisi tukabaki na mgonjwa. Unga ulisimamishwa siku ile ile. Daktari akaleta dawa ya vidonda vya tumbo, akatuonya kwamba mguu sasa utauma na tutaona ukiuma.

"Msiogope kumwona anachechemea," akasema. "Ndiyo njia yake ya kuwaambia. Maumivu yakimzidi hata asile, niiteni, nitampa mwenyewe robo ya kipakiti, akiwa ameshakula."

Tukawa tunauchovya mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, tunaukanda kwa pumba, tunaufunga. Majani hayakukatika horini. Nilikata ukoka laini, nikauweka kidogo kidogo, asubuhi, mchana, jioni, ili asile kwa pupa na asikae mtupu. Pumba zililowekwa kwanza. Maji yalibadilishwa kila mara. Tandiko lilitundikwa ukutani, mkanda haukugusa tumbo lake. Mara mbili tu daktari alimpa ile robo.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, nimeingia na ufagio nikaona mabonge. Mabonge mazuri, yameshikana. Nikamwita babu yenu aje aone mavi, akaja mbio, tukasimama pale wawili tunayatazama kama wazazi wa bwana harusi. Siku ya arubaini Marashi alitembea uani bila kuchechemea, na safari hii hakuna kilichomnyamazisha.

Ndipo Bwana Mahfudhi akaja nyumbani kwetu. Alikuja wakati watu wako mashambani na sokoni, asionekane. Kakamata kanzu mpya kwa ajili ya Mbwana, doti ya kanga kwa ajili yangu, na kilo tano za sukari. Akakaa kwenye mkeka, akasifu chai yangu, akasifu hali ya farasi.

"Mbwana, sisi ni watu wazima," akasema. "Shetani alipita katikati yetu. Pokeeni hivi, tuyamalize humu humu."

Babu yenu aliichukua kanzu ile, akaikunjua. Ilikuwa nzuri, ya darizi. Kisha akaikunja upya, akairudisha juu ya sukari.

"Bwana Mahfudhi," akasema, "mtibu mguu na aulize tumbo."

"Tumbo gani tena? Farasi si amepona?"

"Sisemi tumbo la farasi. Umeniletea nguo, na mimi sikukosa nguo. Umeniletea sukari, na chai unayokunywa ina sukari. Ulikoniumiza siko huku ulikokuja kutia dawa."

"Unataka nikaseme mbele za watu?"

"Mara ya kwanza ulisemea wapi?"

Mahfudhi akaondoka na vitu vyake. Siku tatu hatukumwona. Nilikuwa na hakika hatarudi, na nilikuwa nimeanza kuzichagua nguzo za kibanda cha kuuza mkaa, maana kazi nilijua imekwisha. Ijumaa, watu walipotoka kuswali na kukaa barazani, akasimama. Muuza kahawa alikuwepo, alinisimulia mwenyewe. Bwana Mahfudhi akakohoa, akasema, "Nilisema hapa kwamba saisi wangu ananiibia. Hakuniibia. Farasi nilimkondesha mimi." Akakaa. Mzee mmoja akauliza nini kilichomfanya aseme leo, naye akajibu kwa uchungu, "Mbwana kaniambia mtibu mguu na aulize tumbo." Hapo ndipo watu walipoidaka. Kufika magharibi ilikuwa imefika sokoni, na kufika mwisho wa mwezi kila mtu hapa Tanga alikuwa nayo mdomoni, hata wale waliotucheka, ambao mpaka leo hakuna hata mmoja aliyekuja kusema pole.

Lakini sijawaambia kilichonisuta mimi mwenyewe. Jioni ya Ijumaa ile Mbwana alirudi kutoka kunywa kahawa. Nikamwekea ugali na samaki. Akala wote. Akaniomba wa pili, akaumaliza, akaramba vidole. Ndipo nikashtuka. Nikakumbuka sahani zote za wiki zile, nilivyokuwa nikizifunika na kuwapa kuku asubuhi, nikikimbilia bandani kutazama Marashi ametoa nini. Tumbo la farasi nililisoma kila siku. Mume wangu alikuwa akikonda mbele yangu kwa jina la mwizi, na sikumuuliza hata mara moja, "Mbona huli?" Nikamuuliza jioni ile, amekwisha kushiba. Akaniambia, "Chakula kilikuwa hakipiti, Mama Rukia."

Basi msiicheke tena, na mkiitumia msiitumie kwa wenyeviti peke yao. Mtibu mguu na aulize tumbo.